Maya Deren: Filamu, Ngoma na Kiti cha Pepo

Mwezi wa Februari, mwaka 1946, Maya Deren alikodi ukumbi mdogo wa Provincetown Playhouse katika mtaa wa Greenwich Village, mjini New York, akawaonyesha watu filamu 3 fupi alizozitengeneza mwenyewe. Onyesho hilo aliliita "Three Abandoned Films", yaani Filamu Tatu Zilizoachwa. Jina hilo halikuwa la unyenyekevu. Alilitwaa kutoka kwa mshairi Mfaransa Paul Valéry, aliyeshika kwamba kazi ya sanaa haifiki mwisho wake kamwe, ila mwenyewe huiacha tu. Lakini yeyote anayeyatazama maisha ya mwanamke huyu tangu mwanzo hata mwisho hana budi kuona kinyume kilichomo katika jina hilo. Filamu zile 3 zilikuwa zimetimia, hata ni vigumu kuondoa kipande kimoja bila ya kuziharibu zote. Aliyoiacha kwa kweli ni nyingine, ambayo wakati ule alikuwa hajaianza, nayo ni filamu ya Haiti. Kati ya mwaka 1947 na 1954 alipiga huko mikanda ya picha ipatayo futi 18,000, ambayo ikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida yachukua zaidi ya saa 8. Wala hakuiunga ikawa filamu moja mpaka alipofariki tarehe 13 Oktoba 1961.

Jambo hili limeelezwa kwa njia mbili. Wako wanaosema kwamba Haiti ilimpoteza: alikwenda huko akiwa msanii hodari, akarudi amekuwa mfuasi wa mapepo, na sanaa yake ikafa. Wengine husema kwamba aliivuka sanaa, akaingia katika elimu ya mila za watu, na kwamba kitabu alichokitoa mwaka 1953 kinatosha kuwa badala ya filamu. Maelezo yote mawili yana kosa moja, nalo ni kumkata mtu vipande viwili. Ukiyasoma maandishi yake ya kabla ya Haiti pamoja na filamu zake, waona kwamba kuiacha filamu ile kulitokana na fikira zake mwenyewe alizokuwa nazo tangu mwanzo, na kwamba aliziheshimu fikira hizo kuliko alivyoliheshimu jina lake.

Habari za maisha yake zaweza kutajwa kwa ufupi. Alizaliwa mjini Kiev mwaka 1917, akaitwa Eleanora Derenkowska, mtoto wa daktari wa maradhi ya akili. Mwaka 1922 wazazi wake, ambao ni Wayahudi, walikimbia mateso waliyokuwa wakipata Wayahudi wa nchi ile, wakahamia Syracuse katika jimbo la New York, na jina la ukoo likafupishwa likawa Deren. Alisoma Geneva, kisha Syracuse na New York, na mwaka 1939 akapata shahada ya pili katika chuo cha Smith kwa kuandika juu ya washairi wa Kifaransa wa ishara na athari yao katika ushairi wa Kiingereza. Kwa hiyo alianza katika maneno, si katika picha. Alitunga mashairi, na baadaye alipata kueleza kwamba hakuridhika nayo, kwa kuwa kila alichokiona akilini kilikuwa picha kwanza, ikambidi akitafutie maneno. Mwaka 1941 alikuwa karani wa Katherine Dunham, mcheza ngoma na mtaalamu wa mila ambaye alikwisha kufanya utafiti Haiti miaka ya 1930. Katika safari za kikundi hicho alifika California, akakutana na Alexander Hammid, mpiga picha kutoka Chekoslovakia, wakaoana mwaka 1942. Huyo ndiye aliyempa jina la Maya, ambalo kwa Kisanskriti lina maana ya kiinimacho, au ulimwengu kama uonekanavyo kwa macho.

Mwaka 1943, kwa kamera ya mikanda ya milimita 16, na nyumbani mwao wenyewe, mume na mke hao walitengeneza "Meshes of the Afternoon". Jina hilo si jepesi kulifasiri. Nyavu za Alasiri lakaribia, ila neno la Kiingereza halitaji wavu mzima bali yale matundu yake na nyuzi zinazoyafunga, na ndani ya filamu yenyewe hasa ni matundu: saa ile ya mchana ambapo usingizi huja bila ya kuitwa, na mambo yaliyoonekana punde yakarudi yamegeuka. Mwanamke, ambaye ni Deren mwenyewe, aokota ua njiani. Apanda ngazi za nyumba, ufunguo wamponyoka, waruka ngazi kwa ngazi mpaka chini, aufuata. Ndani akuta kisu kimechomwa katika mkate, simu imeondolewa mahali pake, santuri yazunguka pasipo msikilizaji. Aketi katika kiti kikubwa, alala. Kisha yote huanza upya. Kule njiani sasa yuko mtu aliyevaa vazi jeusi, na mahali pa uso ana kioo. Mwanamke amkimbilia asimfikie, aingia nyumbani, na ule ufunguo sasa watoka kinywani mwake. Kila mara arudipo, aliye kitini humwona kwa dirisha akija, mpaka wakawa watatu mezani, sura moja, wakipokezana ufunguo unaogeuka kuwa kisu.

Watazamaji wa kwanza walisema kwamba hiyo ni ndoto, wakatafuta maana ya kisu na ufunguo katika vitabu vya Freud. Deren aliukataa usomaji huo, tena kwa ukali, na alikuwa na haki. Mwenye kutazama kwa makini hupata kwamba nguvu ya filamu haimo katika kisu kuwa ishara ya jambo fulani lililofichika. Imo katika kisu kuwa mahali ulipokuwa ufunguo. Vitu hivyo vichache, ua, ufunguo, kisu, mkate, simu, kioo, hurudi na kurudi, na kila kirudipo kimepata mahali pengine katika mfuatano, na maana yake hugeuka kwa sababu hiyo tu. Mwenye kusoma sarufi ya lugha za Kibantu hawezi kukosa kukumbuka mzizi wa kitenzi: hubaki ule ule, na viambishi vinavyoungwa mbele na nyuma ndivyo vinavyompa mtu mtenda, mtendewa na mtendeshwa. Mfano huu usivutwe mbali kuliko unavyostahimili. Lakini waonyesha kwa nini filamu isiyo na neno hata moja (muziki wa Teiji Ito uliongezwa mwaka 1959) yaweza kufuatwa kama kwamba ina sarufi.

Hapa yafaa kutaja mabishano yaliyokuja baadaye. Mwaka 1964 Mfaransa Christian Metz aliuliza kama sinema ni lugha yenye mfumo kamili, mfano wa Kifaransa au Kiarabu, au ni usemi tu usiokuwa na mfumo wa namna hiyo. Akajibu kwamba ni usemi usio na mfumo, kwa kuwa haina silabi wala msamiati, na picha ya bastola haimaanishi "bastola" bali "bastola hii hapa". Kwa Kifaransa mambo hayo mawili yana majina mawili. Kiswahili kina neno moja tu, lugha, na kwa sababu hiyo mwandishi wa Kiswahili aandikapo "lugha ya filamu" huwa amekwisha kulijibu swali kabla ya kuliuliza. Deren hakuwa na elimu ya Metz, wala hakutumia istilahi zake, lakini mwaka 1946, katika kitabu chake kidogo "An Anagram of Ideas on Art, Form and Film", alikuwa amekwisha kusimama mahali pa haki zaidi. Alikubali kwamba picha ya kamera ni mali ya kitu kilichopigwa, si ya mpigaji. Kazi ya msanii huanza pale anapokipeleka kipande hiki karibu na kile. Hata umbo la kitabu lafuata fikira hiyo, maana sura zake zimepangwa katika jedwali zisomwe kwa kwenda chini au kwa kwenda kando, kama herufi za fumbo.

Iko hoja kwamba filamu hii ya kwanza ni ya Hammid kuliko ya Deren. Ushahidi si haba: ndiye aliyekuwa fundi wa kamera, na katika filamu yake ya mwaka 1930 aliyoipiga Prague tayari yumo mtu anayegawanyika na kujitazama mwenyewe. Hata hivyo hoja hiyo yajibiwa na filamu zilizofuata. Katika "At Land" ya mwaka 1944 mwanamke hutupwa ufukoni na mawimbi yanayorudi nyuma, hupanda gogo, na mkono wake unapofika juu huishika meza ya karamu iliyojaa wageni wasiomwona. Katika "A Study in Choreography for Camera" ya mwaka 1945, isiyozidi dakika 4, Talley Beatty, mcheza ngoma Mwafrika wa Marekani kutoka kikundi cha Dunham, huinua mguu akiwa msituni na kuuteremsha akiwa chumbani. Kitendo ni kimoja, mahali ni pawili. Jambo hilo haliwezi kuchezwa jukwaani wala kuonekana machoni mwa mtu aliyekuwapo. Lipo katika mkanda tu. Kipaji cha Hammid kilikuwa katika mwanga na pembe ya kamera. Hili la kuufanya mwili uunge mahali na mahali, kama kiunganishi kinavyounga sentensi mbili, ni la Deren, na lilizidi kukua kwa kadiri alivyozidi kuwa mbali na mumewe.

"Ritual in Transfigured Time" ya mwaka 1946 ndiyo iliyo karibu zaidi na Haiti, ingawa ilipigwa kabla ya safari. Katika karamu ya kawaida ya mjini wageni hushikana mikono, hukumbatiana, hugeuka kwa mwingine; Deren alivirudia vipande vile vile mara kadhaa mpaka salamu za watu zikawa ngoma, ilhali hapana aliyekuwa akicheza. Rita Christiani na Deren hupokezana nafasi ya mtu mmoja, mmoja mweusi na mmoja mweupe, bila ya filamu kueleza neno. Katika "Anagram" alikuwa amelifafanua jambo hili: katika sanaa ya umbo la ibada, mtu si chemchemi ya tendo, ni sehemu ya tendo, nafsi yake huondolewa, na kwa kuondolewa huko hapungui bali huongezeka, kwa kuwa huingia katika kitu kilicho kikubwa kuliko yeye. Fikira hii ndiyo ufunguo wa yote yaliyofuata. Mwandishi wake alikuwa akizungumza juu ya usanii, katika chumba cha New York, na bado hajamwona hata mmoja aliyepandwa na pepo.

Mwaka ule ule wa 1946 alipewa msaada wa fedha wa Guggenheim, wa kwanza kutolewa kwa kazi ya filamu ya kubuni, na mwaka 1947 filamu yake ya kwanza ikapata tuzo katika tamasha la Cannes. Septemba ya mwaka huo alifika Haiti. Alikusudia kutengeneza filamu ambayo ingeziweka ngoma za dini ya Vodu sambamba na mambo mengine, pamoja na michezo ya watoto, mfano wa alivyoweka msitu na chumba. Alijifunza Krioli ya nchi, akakaa na watu wa dini, akashiriki. Kitabu chake "Divine Horsemen", yaani Wapandafarasi wa Kimungu, kilichotoka mwaka 1953, hueleza tangu utangulizi kwamba alikwenda kama msanii wa kuvitumia vitu kwa nia yake, akaishia kuandika kwa unyenyekevu habari za jambo ambalo ukamilifu wake ulimkatalia kulichezea.

Jina la kitabu ladai kuzungumzwa na wasomi wa lugha. Katika Krioli ya Haiti mizimu iitwayo loa humpanda mtu, na mtu huyo huitwa farasi wake. Zora Neale Hurston alikwisha kulitumia neno hilo katika jina la kitabu chake cha mwaka 1938. Wala si Haiti peke yake: Wahausa katika bori huwataja waliopandwa kwa jina la majike ya farasi, na watu wa zar huko Ethiopia nao husema farasi. Pwani ya Afrika ya Mashariki kitenzi ni kile kile, kupanda, lakini mnyama hayupo. Pepo amempanda mtu, au amempanda kichwani, na aliyepandwa huitwa kiti. Tofauti hii yaelekea kuwa ndogo, lakini si ndogo. Farasi huenda, hushindana na mpandaji, hufundishwa, huweza kumwangusha, kiti hungoja. Farasi hutoka na bwana wake. Kiti huachwa mahali pake, mgeni akiondoka. Kwa upande wa sarufi lugha zote mbili zakubaliana: katika sentensi ya kupandwa, mtu hawi mtenda kamwe. Huwa shamirisho, au husemwa kwa kauli ya kutendwa. Anayesema "nimepanda pepo" kwa maana ya kwamba yeye ndiye aliyepanda huwachekesha wasikilizaji wake. Na aliye na ufundi wa kuwaita, yeye hupandisha, kwa kauli ya kutendesha.

Basi sura ya mwisho ya kitabu cha Deren, ambayo ameiita Weupe wa Giza, isomwe kwa kuliangalia jambo hilo. Ndiyo sura anayosimulia jinsi yeye mwenyewe alivyopandwa na Erzulie, loa wa mapenzi. Wasomi wa mila wengi waliona haya kwa ajili yake. Mtafiti huandika juu ya wengine, hajiandiki. Lakini sura hii ndiyo iliyo bora katika kitabu kizima, na ubora wake ni wa sarufi. Nafsi ya kwanza huanza kwa imara, ikiona, ikipima, ikitaka kukimbia. Kisha vitenzi vyaanza kuihama, mguu wakataa kutoka ardhini, mambo yanamfanyia badala ya yeye kuyafanya, na hatimaye ile nafsi yakatika kabisa. Hakudai kueleza yaliyotukia baada ya hapo, kwa kuwa aliyeweza kuyaeleza hakuwapo. Waandishi wangapi wa habari za mapepo wamekuwa na uaminifu wa kunyamaza mahali panapostahili?

Neno la pili ni ngoma. Katika Kiswahili neno hilo lataja chombo, mchezo, mkutano wa wachezaji, na katika sehemu nyingi uganga wenyewe; John Janzen, aliyetoa mwaka 1992 uchunguzi wa uganga wa ngoma katika miji ya Afrika, pamoja na Dar es Salaam, hakupata neno la Kiingereza la kutosha akaliacha kama lilivyo, likawa jina la kitabu. Deren hakujua Kiswahili, na hakuna dalili kwamba alipata kuzisoma habari za pwani hii. Lakini jambo alilolipigania dhidi ya wahakiki wa dansi wa New York, kwamba mwendo wa mwili, mdundo, mkusanyiko wa watu na uponyaji visitengwe katika idara nne, ni jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kulipigania, kwa kuwa msamiati wake haujavitenga. Ni bahati mbaya kwamba alipolihitaji neno, Kiingereza kilimpa "ibada", "dansi" na "tiba", kila moja peke yake.

Kitabu si kitakatifu, wala makosa yake yasifunikwe. Lililo kubwa lahusu loa wa kundi la Petro, wenye ukali na wenye kasi, ambao Deren aliwatenga na wale wa Rada wenye asili ya Dahomey. Katika nyongeza ya kitabu alijaribu kuonyesha kwamba kundi hili lilipata roho yake kutoka kwa wenyeji wa kale wa kisiwa, Waarawak na Wakarib, walioangamizwa baada ya kufika Wahispania. Dhana hiyo yavutia, maana yawapa marehemu wa kisiwa kisasi chao kwa mikono ya watumwa. Lakini ushahidi wake ni wa mfanano tu, na mfanano hauthibitishi nasaba. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lugha linganishi huonywa juu ya jambo hilo. Uchunguzi wa baadaye, kama wa Janzen juu ya Lemba uliotoka mwaka 1982, na wa Robert Farris Thompson wa mwaka 1983, umeuelekeza mguu wa Petro upande wa Kongo. Jina la Lemba lenyewe limo katika ibada za Haiti, nalo lilikuwa jina la chama cha uganga na biashara kaskazini ya mto Kongo. Loa aitwaye Simbi ana jina la mizimu ya maji na nchi ya Wakongo. Lau Deren angalikuwa na kamusi moja nzuri ya Kikongo, nyongeza ile isingaliandikwa. Hapo ndipo uonapo hasara ya mtu kujifunza kila kitu mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1953, kitabu kikiwa kipya, Deren aliketi pamoja na Dylan Thomas, Arthur Miller na Parker Tyler katika mkutano wa chama cha sinema cha Cinema 16 juu ya ushairi na filamu. Alisema kwamba mchezo wa kuigiza huenda kwa ulalo, tukio likizaa tukio. Ushairi huenda kwa wima, ukisimama juu ya saa moja na kuchimba kina chake, kujua saa hiyo ina uchungu gani au utamu gani. Alitoa mfano wa Hamlet, ambaye katikati ya mchezo husimama na kusema peke yake, na tukio halisogei. Thomas alilifanyia mzaha wazo hilo, ukumbi ukacheka. Siku 12 baadaye mshairi huyo alifariki. Mzaha ule umenukuliwa mara nyingi, na wazo lenyewe limesahauliwa mara nyingi vile vile. Miaka 5 baadaye, mwaka 1958, Roman Jakobson alieleza mbele ya mkutano wa wataalamu kwamba ushairi huchukua usawa ulio katika mhimili wa kuchagua maneno na kuutupa juu ya mhimili wa kuyapanga. Kauli hizi mbili si moja, kwa maana wima wa Deren ni wa hisia na wa Jakobson ni wa mfumo. Ila zote mbili zilikuwa zikitafuta kueleza kwa nini shairi hurudia bila ya kurudi nyuma. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili angalimsaidia Deren pale ukumbini. Utenzi ni ulalo: beti huzaa beti, safari yaendelea hata ikawa mamia. Shairi lenye kibwagizo ni wima: kila ubeti hurudi katika mstari ule ule, na mstari ule, ingawa haukubadilika hata silabi, haubaki na uzito ule wa kwanza.

Sasa sababu ya kuiacha filamu ya Haiti yaweza kusemwa. Njia yake ya kazi ilikuwa kuchukua mwendo wa kila siku usio na ibada na kuufanya ibada kwa kukata na kuunga, kama katika ile karamu ya mwaka 1946. Haiti alikuta ibada iliyokwisha kukatwa na kuungwa na watu wenyewe, kwa mdundo, kwa miaka mingi, wala haikumhitaji. Kila kipande alichokusudia kukihamisha kilikuwa mahali pake tayari. Angaliunga vipande hivyo kwa nia yake, angalikuwa mpandaji, na wale watu wangalikuwa farasi wake. Alikuwa amekwisha kuandika kwamba nafsi ya mtu mmoja haifai kuwa chemchemi ya tendo la ibada. Akiisha kuyasema hayo juu ya wachezaji wake, hakuweza kujitoa mwenyewe katika sheria hiyo. Ni kweli kwamba fedha zilimpungukia, na ni kweli kwamba afya yake haikuwa njema. Lakini mtu asiye na fedha ambaye bado aitaka kazi huunga dakika 10. Deren hakuunga hata hizo, ilhali katika miaka hiyo hiyo alitengeneza "The Very Eye of Night", filamu ya wachezaji weupe juu ya usiku wa nyota, iliyoonyeshwa New York mwaka 1959, ambayo ni baridi kuliko zote na haiongezi kitu katika sifa yake.

Athari yake kwa waliomfuata ilipita njia mbili, na moja huonekana kuliko nyingine. Ile inayoonekana ni ya sura: mtu mmoja mwenye nafsi nyingi, mlango wa nyumba ufungukao baharini, kioo mahali pa uso. Hizo zimeigwa katika filamu nyingi na katika picha za nyimbo za televisheni, mara nyingi na watu wasiojua jina lake. Njia ya pili ni ya desturi ya kazi. Amos Vogel alipoliona onyesho lile la Provincetown Playhouse alipata moyo wa kuanzisha Cinema 16 mwaka 1947, na chama hicho kikawa shule ya kizazi kizima cha watazamaji wa New York. Deren alikodisha filamu zake mwenyewe, akazipeleka vyuoni, akahutubu, akaandika barua bila ya kuchoka. Mwaka 1955 alianzisha mfuko wa kuwasaidia watengenezaji wa filamu wasio na kampuni. Stan Brakhage akiwa kijana alipata hifadhi nyumbani kwake. Jonas Mekas, ambaye mwaka 1955 alizishambulia filamu za namna hii kwa maneno makali, baadaye aliyatangua maneno yake akawa mlinzi wao mkuu. P. Adams Sitney, katika kitabu chake cha mwaka 1974, alizipanga filamu za mwanzo za Deren kuwa chanzo cha aina nzima aliyoiita filamu za kuzimia roho, na Barbara Hammer alieleza mara nyingi kwamba kuiona filamu moja ya Deren darasani kulimwonyesha kwamba palikuwa na nafasi ya mwanamke katika sinema. Jina la Sitney ni zuri, lakini limekuwa na bahati mbaya ya kumfunga Deren katika usingizi, hali yeye alikuwa macho kuliko wengi.

Imebaki kazi iitwayo "Divine Horsemen: The Living Gods of Haiti", ambayo Teiji Ito, mume wake wa mwisho, na baadaye Cherel Winett Ito waliiunga kutoka katika mikanda ile, ikatoka mwaka 1985, dakika zipatazo 52. Vyuo vingi huionyesha kama filamu ya Maya Deren. Mikono iliyoiunga ilikuwa na mapenzi na marehemu, na bila ya mikono hiyo wengi wasingaliona hata picha moja. Hata hivyo jina lisitolewe kwa urahisi namna hiyo. Picha ni zake. Mpangilio si wake, nao waligawa jambo kwa loa mmoja mmoja kama sura za kitabu cha shule. Na juu ya ngoma kumewekwa sauti za wasomaji, kwa Kiingereza, zikiyasoma maneno yaliyotolewa katika kitabu chake, kila mara macho yanapoanza kuona jambo. Mtu aliyeandika kwamba nafsi ya msimulizi hukatika pepo afikapo, amefanywa msimulizi asiyekatika. Mwalimu anayetaka wanafunzi wake waijue kazi ya Haiti afadhali aipunguze ile sauti mpaka isisikike, awaonyeshe picha kimya dakika zote 52, na ndipo awape sura ya mwisho ya kitabu waisome nyumbani.